Shujaa Anayeitwa Sema: Kutoka Liyongo na Ngonjera hadi Katuni za Watoto

Tarehe 8 Machi 2021, Siku ya Wanawake Duniani, watoto wa Afrika Mashariki walipata shujaa mpya katika mtandao wa YouTube. Ni msichana wa miaka 10 aitwaye Sema, mhusika mkuu wa mfululizo wa katuni uitwao Super Sema, uliotengenezwa na kampuni ya Kukua yenye makao yake Nairobi. Mwigizaji Lupita Nyong'o ni mmoja wa watayarishaji wakuu, na ndiye aliyempa sauti mhusika aitwaye Mama Dunia. Sema na MB, ndugu yake pacha, wanaishi katika kijiji cha Dunia, kijiji cha Kiafrika cha zama zijazo, ambako mtawala asiye na moyo, roboti aitwaye Tobor, huwasumbua watu. Katika kila sehemu ya mfululizo huo tatizo huzuka, nao watoto hao hulitatua kwa sayansi, ubunifu na ushirikiano. Sema hana mabawa wala misuli ya kubeba milima. Silaha yake ni akili.

Mpenzi wa lugha hawezi kuyapita majina hayo bila kusimama. Sema ni kitenzi katika hali ya kuamuru: mtoto anaitwa kwa amri. Kila anayemwita anamtaka afungue kinywa. Dunia ni neno ambalo ushairi wetu umelitilia shaka kwa karne nyingi. Tunaambiwa dunia hadaa, ulimwengu shujaa. Tobor, kwa upande wake, ni neno la Kiingereza la roboti lililosomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo. Watoto wa pwani wana mchezo wa namna hiyo uitwao kinyume, ila wao hawageuzi herufi, hugeuza silabi: ile ya mwisho hutangulizwa. Kwa kanuni yao roboti angeitwa Tirobo. Hata kampuni yenyewe imejiita kwa kitenzi chetu, kukua.

Hata hivyo, katuni hii yenye majina ya Kiswahili iliandikwa na kutolewa kwanza kwa Kiingereza. Shujaa anaitwa Sema, lakini alipofungua kinywa hakusema kwa lugha iliyompa jina. Silitaji jambo hili kwa nia ya kuwalaumu watengenezaji, kwani kazi yao ni nzuri na soko lao ni la dunia nzima. Nalitaja kwa sababu linatuuliza sisi washairi swali la kihistoria: je, Kiswahili kiliwahi kuwa na shujaa wa watoto anayeshinda kwa maneno yake mwenyewe? Kama kiliwahi, nani aliyeuacha mlango wazi hata shujaa wetu akaingia akisema kigeni?

Tuanzie pwani, kwa Fumo Liyongo. Kisa chake kilichapishwa London mwaka 1870 katika mkusanyiko wa ngano wa Edward Steere, na mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akakiandika kwa tenzi. Liyongo ana kila sifa ambayo watoto wa leo huitafuta kwa mashujaa wa katuni. Ni mrefu kupita kiasi, ana nguvu za ajabu, mishale haimdhuru wala mikuki, na ana siri moja: hauawi na kitu ila sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Superman wa Marekani alizaliwa katika majarida ya picha mwaka 1938, na jiwe la kumdhoofisha likaingizwa katika hadithi yake mwaka 1943, kwenye mchezo wa redio. Wakati huo udhaifu wa Liyongo ulikuwa umekwisha kusimuliwa kwa vizazi, na umekwisha kupigwa chapa kwa zaidi ya miaka 70.

Lakini Liyongo hatofautiani na Superman kwa umri tu. Mtawala wa Pate alipomfunga gerezani, nguvu zake hazikumfaa. Kilichomwokoa ni utungo. Kila siku kijakazi Saada alimletea chakula kutoka kwa mama yake, na walinzi walikila kile kizuri. Liyongo akatunga maneno ya mafumbo, akamtuma Saada ampelekee mama. Mama akafumbua: akaoka mikate mizuri, na pamoja nayo mkate wa wishwa wenye tupa ndani yake. Walinzi wakala mizuri, wakamwachia mfungwa ule wa wishwa. Kisha Liyongo akawatungia watu nyimbo za gungu, nao walipokuwa wakiimba na kupiga ala kwa kishindo nje ya gereza, yeye akakata minyororo ndani, na sauti ya tupa haikusikika. Shujaa huyo alikuwa malenga. Mnyororo wake ulikatwa na tupa, na tupa ililetwa na shairi.

Basi jibu la sehemu ya kwanza ya swali letu ni ndiyo. Shujaa anayeshinda kwa maneno tunaye, naye ni wa kale. Hata hivyo Liyongo ni shujaa wa jamii nzima. Tukimtafuta mtoto mwenyewe asimame jukwaani na kushinda kwa lugha ya Kiswahili, hatuna budi kuiacha pwani tupande hadi uwanda wa kati, katika nchi kavu ya Ugogo.

Huko, mkoani Dodoma, alizaliwa Mathias Mnyampala mwaka 1917. Lugha ya mama yake ilikuwa Kigogo, Kiswahili alijifunza. Alipata kuwa mwalimu, karani na hakimu, akaandika historia ya watu wake katika kitabu Historia, Mila na Desturi za Wagogo wa Tanganyika kilichotoka mwaka 1954, akatunga tenzi na diwani, na akaongoza UKUTA, chama cha Usanifu wa Kiswahili na Ushairi Tanzania. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere aliwataka washairi waieneze siasa mpya kwa wananchi, na Mnyampala akaitikia kwa bahari aliyoipa jina la ngonjera. Alifariki mwaka 1969. Vitabu vyake viwili vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kifo chake, mwaka 1970 na 1971.

Ngonjera ni mashairi ya kujibizana. Wahusika ni wawili au zaidi, na kwa kawaida mmoja yuko gizani na mwingine ana mwanga. Mmoja hudai kwamba elimu ya watu wazima ni upuuzi, au kwamba kuishi kijijini ni adhabu. Mwingine hujibu ubeti kwa ubeti, kwa vina vilevile, hadi yule aliyepotea akubali. Malumbano yalikuwapo zamani katika ushairi wa pwani, lakini hayo yalikuwa mashindano ya malenga kwa malenga. Mnyampala aliyachukua akayapa mavazi, vitendo na jukwaa, kisha akayakabidhi kwa watu wasiokuwa malenga, hasa wanafunzi wa shule.

Hapo ndipo ninapoomba wapenzi wa ushairi waitazame upya historia yetu. Vitabuni ngonjera imezoeleka kuhesabiwa kama chombo cha siasa za Ujamaa, na kweli ilikuwa hivyo. Lakini kwa watoto wa shule za msingi wa miaka ya sabini, ngonjera ilikuwa pia tamthilia yao. Mtoto mmoja alivaa kanzu iliyochanika akawa Ujinga. Mwingine alishika kitabu akawa Elimu. Mtoto wa darasa la tano alisimama mbele ya mkuu wa wilaya na wazee wa kijiji, akasema kwa sauti, naye mtu mzima hakumkatiza mpaka kituo cha ubeti wa mwisho. Katika jamii ambamo mtoto alifundishwa kunyamaza mbele ya wakubwa, ngonjera ilimpa ruhusa ya kusema. Kabla ya Sema wa katuni, kulikuwa na maelfu ya akina Sema waliosimama chini ya miembe na mibuyu, na wengi wao nyumbani walizungumza Kigogo, Kirangi au Kisandawe.

Ukiweka sehemu moja ya katuni ya shujaa kando ya ngonjera, utaona mifupa yao ni mmoja. Zote mbili huanza kwa utulivu unaovunjwa, mpinzani akatamba, jamii ikayumba, mtetezi akajitokeza, kisha mambo yakapata suluhu kabla watazamaji hawajachoka. Tofauti yao iko katika suluhu. Katuni nyingi za mashujaa humaliza kwa mpinzani kushindwa, kutupwa mbali au kukimbia, ili arudi wiki ijayo. Ngonjera humaliza kwa mpinzani kushawishika. Adui hafi, hubadilika, akaketi pamoja na wenzake. Ushindi hupimwa kwa kauli yake mwenyewe ya kukubali.

Sitaki kuipamba ngonjera kuliko inavyostahili. Kadiri miaka ilivyokwenda, nyingi ziligeuka kuwa risala za kukaribisha wageni rasmi. Ujinga alitungiwa hoja dhaifu ili Elimu ashinde bila jasho, na mtoto akakariri sifa za kiongozi ambaye hakumfahamu. Shairi ambalo mshindi wake anajulikana tangu ubeti wa kwanza haliwezi kumshika mtoto kwa muda mrefu. Hapa katuni imetushinda kwa haki: inajua kutia hofu, inajua kuchekesha, na inamruhusu adui awe mwerevu. Sanaa ambayo haikubali kujifunza kwa mpinzani wake hujikuta haina watazamaji.

Na watazamaji walikwenda kweli. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwaka 1973, mwaka uleule ambao Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi. Bara ilisubiri zaidi ya miaka 20. Vituo vya kwanza, vya watu binafsi, vilianza mwaka 1994, na televisheni ya taifa ikafuata miaka michache baadaye. Katika miaka hiyo ya kungoja, mtoto wa uwanda wa kati alikuwa na redio. Kipindi cha Mama na Mwana cha Radio Tanzania Dar es Salaam, kwa sauti ya Deborah Mwenda, kiliwakusanya watoto kuzunguka redio ya betri wakasikiliza hadithi kwa Kiswahili fasaha, na kila mmoja akayachora majitu na mabinti kichwani mwake mwenyewe.

Televisheni ilipofika, ilikuta sisi tuliojua kutunga tukiwa tumeelekeza kalamu kwingine. Tulikuwa tukibishana kuhusu shairi huru na mapokeo, mjadala wenye maana, lakini mtoto hakuwa akiusikiliza. Yeye alikuwa mbele ya katuni zilizotengenezwa ng'ambo. Baadhi hazikuwa na maneno kabisa. Nyingine zilikuwa na maneno mengi, yote ya kigeni, na mtoto akajifunza kwamba mtu akiruka angani hutamka Kiingereza, na Kiswahili ni lugha ya kuitiwa kuosha vyombo. Tazama tokeo lake katika msamiati. Tuna shujaa, neno lililotoka Kiarabu likawa letu. Tuna jagina, ghazi, nguli na jabali. Lakini watoto wakigawana nafasi katika michezo yao, wengi husema supahiro. Hawakulikosa neno katika kamusi. Walilikosa mdomoni mwa mtu waliyempenda.

Kwamba hali hii inaweza kubadilika, ushahidi tunao. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa ilirusha tamthilia ya Kichina ya Doudou na Mama Wakwe Zake kwa sauti za Kiswahili, na wakwe wa Beijing wakaeleweka sebuleni kwetu kana kwamba ni majirani. Mwaka 2013 vijana wa Dar es Salaam walianzisha shirika la Ubongo, na mwaka 2014 katuni yao ya Ubongo Kids ikaanza kuonekana TBC. Akina Kibena, Koba na Kiduchu hutatua matatizo kwa hisabati na nyimbo, katika kijiji kiitwacho Kokotoa. Neno hilo ni zuri. Kukokotoa ni kufanya hesabu, na kutoka humo tulipata kikokotoo, neno ambalo wastaafu wenzangu walilizoea zaidi mwaka 2018, katika mjadala wa mafao, kwa furaha iliyo ndogo kuliko ya watoto. Kisha mwaka 2016 ukaja mfululizo wa Akili and Me kwa watoto wadogo, unaomhusu mtoto aitwaye Akili. Ubongo hutoa kazi zake kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine, na nyimbo zake zimethibitisha kwamba hata kanuni ya hesabu huingia kichwani kwa urahisi ikipewa mapigo.

Yupo atakayesema kwamba tatizo ni dogo: Super Sema na wenzake wafasiriwe tu. Nakubali kwamba tafsiri ni bora kuliko ukimya. Lakini mtu aliyewahi kuhesabu mizani ataona mara moja ugumu ulipo. Mchoro wa mdomo hufuata urefu wa maneno ya kwanza. Amri ya kukimbia ni silabi moja kwa Kiingereza; kwetu ni tatu, kimbia. Kilio cha kuomba msaada kwao huisha kwa silabi mbili; kwetu nisaidie ni mizani tano, na jitu limekwisha kuruka kabla mtoto hajamaliza kulia. Ndiyo maana sauti nyingi zilizoingizwa husikika kama za watu wanaokimbizwa. Kosa si la Kiswahili. Ni la kukivika nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwili wa mwingine. Katuni ikiandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo, mchoraji atafuata pumzi ya lugha yetu, yenye irabu kila mwisho wa silabi, lugha ambayo hupenda kuimbwa. Na hakuna watu waliojizoeza kubana maana katika mizani 8 kuliko washairi. Ujuzi unaohitajika studio upo tayari, umekaa barazani.

Ili nisionekane natoa mahubiri bila mfano, naweka hapa beti mbili za ngonjera, kati ya roboti na mtoto. Mchoraji mwenye kalamu anaweza kuzichukua.

Roboti:
Mimi ni bati na nyaya, moyo wangu ni wa chuma,
Sijui kuona haya, wala sijui huruma,
Nikiyataka mabaya, nani wa kunisukuma?
Mtoto rudi nyumbani, huna neno la kusema.

Mtoto:
Hata chuma hufuliwa, na mkono wenye kani,
Na nyaya hizo zatiwa, na fundi mwenye makini,
Nawe neno waambiwa, ulitie sikioni:
Huruma nayo husomwa, keti nasi darasani.

Mpinzani hapa hajavunjwavunjwa. Amealikwa. Hayo ndiyo mawazo ambayo ngonjera ya Mnyampala inaweza kuyachangia katika sanaa ya mashujaa duniani, ambayo imejaa majengo yanayoanguka. Nayo katuni ingeirudishia ngonjera kile ilichopoteza: hatari ya kweli, kicheko, na adui ambaye hoja zake zinamtoa mtetezi jasho.

Yafaa tukumbuke pia aliyetufundisha haya ni nani. Mnyampala hakuzaliwa Lamu wala Mvita. Alikuwa Mgogo aliyejifunza Kiswahili, akakipenda, kisha akakiongezea chumba kipya kwa ajili ya watu waliokuwa wakikijifunza kama yeye. Watoto wa Kondoa, Mpwapwa, Manyoni na Chamwino wako katika hali hiyo hadi leo: Kiswahili ni lugha yao ya pili inayowaunganisha na nchi. Wakikisikia kikishindana na majitu na kushinda, watakitumia bila kuambiwa. Wakikisikia katika mtihani tu, watakiacha katika chumba cha mtihani.

Hivyo ombi langu kwa washairi ni la kazi, tena la mwaka huu. Kila mmoja wetu aandike mchezo mmoja wa dakika kumi kwa ajili ya watoto, wenye mpinzani mwerevu, majibizano yanayoghanika na suluhu isiyohitaji ngumi, kisha ampelekee kijana anayechora katuni, aulizie gharama, akubali kusahihishwa. Vijana hao wapo Dodoma, wapo Dar es Salaam na Nairobi, na wengi wanatafuta hadithi. Sema amekwisha kupewa jina na Kiswahili. Kumpa maneno ni wajibu wetu.